Udhaifu Uliotangazwa Redioni

Kila asubuhi Generoza, mhudumu wa afya wa kijiji huko Kasoli, alipita nyumba kwa nyumba. Simu ya kazini aliifunga kwenye kipande cha kitenge. Ndani mlikuwa na majina ya wanaotumia dawa za UKIMWI.

Wiki tatu simu hiyo ilimwomba aisasishe. Alikataa. Semina ya wahudumu wa afya iliwaonya wasibonyeze ujumbe wasioujua, na Generoza akishashika neno, ameshika.

Jumatatu redio ikatangaza: kampuni iliyotengeneza simu za aina ile imekiri zina udhaifu. Mwizi aliye mbali anaweza kusoma yaliyomo bila kuzigusa. Kabla Generoza hajamaliza chai, jirani yake Elina alikuwa mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma. "Jina langu limo humo?"

"Limo."

"Wakwe zangu hawajui. Wakijua, watanifukuza na mtoto."

Generoza akapanda bodaboda hadi Bariadi mjini, kwa Tajudin, fundi simu.

"Hawa watu wa kampuni wana wazimu?" aliuliza. "Kwa nini wawatangazie wezi?"

"Hawakukurupuka, mama. Mtaalamu aligundua udhaifu, akawaambia kimyakimya. Wakapata muda wa kutengeneza dawa. Dawa ndiyo hilo sasisho. Walilituma kwanza, ndipo wakatangaza. Sasa wezi nao wanajua. Wanamtafuta ambaye hajasasisha."

"Ndiye mimi!"

"Semina haikukosea. Kiungo cha kwenye meseji usibonyeze. Ingia mwenyewe kwenye Mipangilio, utafute sasisho. La kweli utalikuta huko."

Walilipakua. Simu ikazimika, kioo kikawa cheusi. Generoza alikikodolea macho mpaka kikawaka.

"Wezi wameshaingia?"

"Sioni dalili. Lakini siwezi kuapa."

Jibu hilo lilimtisha kuliko redio. Njiani aliwaza kunyamaza. Nani angejua? Lakini hata kampuni kubwa imesema kosa lake mbele ya nchi nzima.

Alimweleza muuguzi wa zahanati ukweli wote. Muuguzi alikunja uso, kisha akawaita wahudumu wote. Simu zote zilisasishwa siku ileile.

Kisha Generoza akaenda kwa Elina. "Nilichelewa wiki tatu," alisema. "Hatujaona dalili ya wizi, ila sina uhakika. Nimeona uyasikie kwangu."

Elina akafungua pindo la kanga, akatoa simu yake.

"Na hii inaniomba hivyo hivyo," alisema. "Nionyeshe pa kuingilia, mayu."