Dakika Ishirini za Seema

Kila Jumamosi asubuhi Najmo alikula anjera mbili, mikate myembamba ya Kisomali, kwa chai ya maziwa, akatia viatu vyake vya kuchezea mpira kwenye mfuko wa plastiki, kisha akapanda basi pamoja na mama yake kutoka mtaani kwao Bordesley Green hadi stesheni ya Perry Barr. Hapo ndipo Timu ya Nne ilipokutana.

Klabu yao ya soka ilikuwa na timu nne za wasichana wa umri wake. Timu ya Kwanza ilisafiri kwa basi dogo lenye nembo ubavuni. Timu ya Pili na ya Tatu zilipelekwa na magari ya wazazi. Timu ya Nne ilipanda treni, mipira ikiwa ndani ya gunia, na ikicheza ugenini, nusu ya siku iliishia njiani.

"Mnasafiri kote huko kwenda kufungwa!" binamu yake Liban alimtania. "Si afadhali mfungwe hapa hapa mtaani, halafu muwahi chakula cha mchana?"

Najmo alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Mwezi wa nane alikuwa amepimwa uchezaji wake kwa dakika tatu na mwanamume aliyeshika kikombe cha kahawa, ambaye hata jina hakumuuliza. Dakika tatu! Hata chai haiivi kwa dakika tatu. Lakini zilitosha kumwandika mtoto wa miaka kumi na miwili kuwa ni wa daraja la nne. Tangu siku hiyo Najmo alitaka kitu kimoja tu: atazamwe tena, atolewe huko.

Kocha wa Timu ya Nne alikuwa Fanuel, Mkenya wa Embu, aliyefanya kazi ya kulea wazee katika nyumba moja huko Erdington. Kila Jumamosi alikuja na daftari lenye jalada la kijani. Wachezaji wa kuingia uwanjani walikuwa tisa, na watoto walikuwa kumi na watatu. Sheria ya Kocha Fanuel ilikuwa moja: katika dakika sitini za mechi, hakuna mtoto atakayecheza chini ya dakika ishirini. Saa za kuingia na kutoka ziliandikwa na watoto wenyewe, na kila wiki mmoja wao aliteuliwa kuwa karani.

Jumamosi waliyokwenda Walsall, karani alikuwa Najmo.

"Kocha wa Timu ya Kwanza amesema atapita kuwatazama," Kocha Fanuel alitangaza ndani ya treni. "Nyinyi chezeni kama kawaida."

Kama kawaida! Najmo alianza kuvaa viatu vyake humo humo ndani ya treni.

Mvua ilianza kunyesha hata kabla ya filimbi. Wenyeji hawakuwa na mtu wa kushika kibendera, basi Kocha Fanuel akaombwa asimame kwenye mstari wa upande wa pili, mbali na benchi. "Huko nitatazama mstari tu, kwa hiyo ninaliamini daftari," alimwambia Najmo. "Dakika ya arobaini unatoka, Seema anaingia."

Seema alikuwa msichana mpole, mchezaji wa nyuma, asiye na mbio nyingi. Alikaa benchi amejifunika koti, akitazama saa.

Kipindi cha pili kilipoanza, Najmo aliona mtu amesimama peke yake penye kona, mwavuli mkubwa mweusi umemfunika hadi kifuani. Ni yeye, alijiambia. Ni kocha wa Timu ya Kwanza. Akaanza kukimbia kama aliyewekewa moto miguuni. Akapiga chenga, akapiga shuti lililogonga mwamba.

"Najmo!" Seema aliita. "Arobaini imefika! Zamu yangu!"

"Subiri kidogo!"

"Najmo, tafadhali!"

Mwavuli ulikuwa bado penye kona. Najmo akageuza shingo kama asiyesikia, akakimbilia mpira. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, Seema alikuwa bado ameketi.

Najmo alifika kwenye benchi akihema. "Nitakurudishia zote wiki ijayo," alimnong'oneza. Kisha akachukua kalamu akaandika: *Seema, dakika ishirini.*

Mtu wa mwavuli alikuwa anakuja taratibu, akikwepa madimbwi. Najmo alijinyoosha jezi. Mwavuli ulipoinuliwa, chini yake alikuwapo mzee mwenye kilemba cha bluu na ndevu nyeupe.

"Babu!" Seema alisema kwa sauti ndogo.

Kocha wa Timu ya Kwanza alikuwa amepita katika kipindi cha kwanza, akatazama simu yake zaidi ya mpira, akaondoka zake.

Babu yake Seema aliitwa Gurdev. Aliposikia mama yake Najmo, aliyesafiri na timu, akizungumza Kiswahili na Kocha Fanuel, macho yalimng'aa.

"Kumbe hapa kuna watu wa Kiswahili!" alisema. "Mimi nimezaliwa Nakuru. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Niliondoka nikiwa kijana wa miaka kumi na minane, lakini lugha sijaiacha." Kisha akamgeukia Najmo. "Wewe ndiye karani? Hebu nisomee, mtoto wangu. Mjukuu wangu amecheza dakika ngapi?"

Najmo alifungua daftari. "Ishirini, babu."

"Ishirini?" Mzee alivua miwani, akaipangusa. "Nimesimama pale kipindi kizima. Sikumwona hata mara moja."

"Mvua ilikuwa kubwa, babu."

"Basi ni macho." Alirudisha miwani polepole. "Mwezi wa tatu walinitoa mtoto wa jicho, wakaniambia sasa nitaona mbali. Kumbe bado."

Seema alikuwa ametazama chini.

Ndani ya treni ya kurudi, mama yake Najmo, Barwako, alimsogelea walipokaribia kufika. Kazi yake ilikuwa usafi katika hospitali iliyo karibu na kwao; sakafu chafu na safi alizijua kwa kutupa jicho mara moja.

"Viatu vya Seema havikuwa na tope," alisema.

"Alivipangusa, hooyo," Najmo alijibu, akimwita mama kama walivyozoea nyumbani.

Barwako alitazama viatu vya Najmo, vilivyojaa tope. Hilo lilikuwa zito kuliko kugombezwa.

Jumanne, mazoezini, Seema alimvuta kando. "Babu hatakuja tena. Anasema hakuna maana ya kusafiri na macho yasiyoona."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Ungeitwa mwongo mbele ya timu nzima," Seema alisema. "Nilidhani utasema mwenyewe."

Najmo alitembea moja kwa moja hadi katikati ya duara la wachezaji, daftari mkononi.

"Kocha, Seema hakucheza Walsall. Dakika zake nilizila mimi, kisha nikaandika uongo."

Kocha Fanuel alilichukua daftari, akautafuta ukurasa wa Walsall. Alipozungumza, sauti yake ilitetemeka kwa hasira.

"Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikaa benchi mechi kumi na saba. Niulizeni mechi yoyote, nitawatajia uwanja na matokeo. Ile ya mwisho mama yangu alikuja, amevaa nguo yake ya kanisani. Akarudi nyumbani bila kuniona nikigusa mpira. Sijasahau, na sitaki kusahau! Daftari hili nilianza kuliandika kwa ajili ya siku ile. Na wewe, Najmo, umemfanyia babu wa mwenzako vile vile, halafu ukamwambia ni macho yake."

Najmo alilia. "Nifanye nini, Kocha?"

"Kule Walsall mimi nilishika bendera, wewe ulishika kalamu. Unajua la kufanya."

Jioni hiyo Najmo alimweleza mama yake yote, na kabla giza halijaingia, Barwako alimpeleka Perry Barr nyumbani kwa Mzee Gurdev. Najmo alisimama mlangoni, hakungoja kukaribishwa ndani.

"Babu, macho yako ni mazima. Seema hakucheza. Nilikudanganya."

Mzee alivua miwani. "Siku tatu nimekuwa nikifunika jicho moja, nafungua jingine, najipima kwa maandishi ya kalenda," alisema. "Siku tatu, mtoto!" Kisha akashusha pumzi. "Umekuja mwenyewe au umeletwa?"

"Nimekuja mwenyewe," Najmo alisema. "Mama amenisindikiza tu."

"Basi Jumamosi nitakuja."

Jumamosi hiyo walicheza nyumbani. Najmo aliomba acheze dakika ishirini tu, zake nyingine apewe Seema. Mzee Gurdev aliweka kiti chake penye mstari wa kati na kuhesabu kwa sauti kila mara Seema alipogusa mpira. "Tisa! Kumi!" Dakika ya hamsini na nane winga wa wapinzani alibaki peke yake na kipa. Seema alijitupa kwenye tope, mpira ukamgonga gotini ukatoka nje.

"Kumi na nne!" mzee alipaza sauti, akainuka kitini.

Mechi iliisha mbili kwa mbili, lakini kelele zilikuwa kama za kombe. Liban, aliyekuja kucheka, alikuna kichwa. "Mbona mnashangilia? Hamkushinda."

"Liban," Kocha Fanuel alisema, "nasikia umeuliza mara nyingi kama timu ya chini inastahili safari. Timu inayomweka mtoto benchi msimu mzima haifai, hata ikiitwa ya kwanza, hata ikisafiri kwa ndege. Inayofaa ni ile ambayo kila mtoto anarudi kwao na tope viatuni. Na inafaa pale tu tunapoambiana ukweli. Walsall tulivaa jezi, lakini hatukuwa timu. Leo ni timu, na ninajivunia kila mmoja wenu, pamoja na aliyekosea akasema."

Mzee Gurdev alimwita Najmo kwa kidole. "Karani, nisomee."

Najmo alifungua daftari la kijani. "Seema, dakika arobaini."

"Sawasawa," mzee alisema, akigonga miwani yake kwa fahari. "Na mimi nimeziona zote."