Dawa za Wanachuo

Jesca alikuwa anashuka kilima cha Bigwa na begi mgongoni. Asia alikuwa nyuma yake, anamsindikiza. Wanachuo wote walikuwa wanakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kila mtu na mkoa wake. Jesca alipangiwa Kasulu.

"Rudi sasa, mama," Jesca alisema. "Utachoka."

"Nichoke nini? Juzi juzi nilikuwa sifiki hata chooni bila kupumzika. Tembea, nakufikisha barabarani."

Ni kweli. Asia alikuwa na kifua kikuu. Jesca alikuwa anasoma chuo kimoja cha Kikristo mjini, na kila Jumamosi wanachuo walipanda Bigwa kuhudumia wagonjwa. Walifua, walichota maji, na aliyetaka kuombewa waliomba naye. Asia ni Mwislamu, hakutaka kuombewa, nao hawakumlazimisha. Jesca akawa msimamizi wake wa dawa. Alizichukua zahanati, akazipandisha, na kila asubuhi akapiga simu kumkumbusha.

Hatibu, mume wa Asia, alitaniwa kijiweni. "Hatibu, mkeo watambatiza kwa vidonge."

"Wambatize, mradi apone," akajibu.

Lakini dawa zenyewe hakuzijua. Hakuuliza zinamezwaje wala zinaisha lini. Hayo yalikuwa mambo ya Jesca.

Barabarani Jesca alimpa mfuko mdogo. "Hizi zikiisha, nenda zahanati mwenyewe. Usiruke hata siku moja. Ni miezi sita, mama."

"Sawa, mwanangu. Wasalimie wa huko."

Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Asia alizoea kumeza dawa asubuhi, na sasa amefunga. Shule ya Jesca ilikuwa bondeni, simu haishiki. Basi, hakuna aliyepiga.

"Mama Mwanahawa, na zile dawa?" Hatibu alimuuliza mkewe siku moja wakifuturu.

"Mbona nimeshapona? Wenyewe wameondoka. Wakirudi watasema."

Hatibu akamsogezea uji.

Idi ilipita, kikohozi kikarudi. Kisha ikaja damu. Binti yao mdogo, Mwanahawa, naye akaanza kukohoa na kukonda. Ndipo Hatibu alipomwita jirani yao Bi Fatuma, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Dawa umeacha lini?" Bi Fatuma aliuliza.

"Tulipofunga," Asia alijibu.

"Na mimi nakaa hapo tu. Mbona hukuniambia?"

"Nilijua wewe hazikuhusu. Ni dawa za wanachuo."

Bi Fatuma akavuta kigoda. "Ni za serikali, mwenzangu. Zahanati wanatoa bure. Wale watoto walikuwa wanabeba tu. Sikilizeni wote wawili. Ukipata nafuu, vijidudu bado vimo kifuani. Ukiacha dawa vinaamka, na vingine havisikii tena ile dawa ya kwanza. Mgonjwa ana ruhusa asifunge, atalipa akipona. Akitaka kufunga, aulize kwanza zahanati. Wanaweza kumpangia ameze wakati wa daku. Na kila anayelala nyumba hii akapimwe. Mtoto kwanza."

"Mimi sikuambiwa," Hatibu alisema.

"Uliuliza?"



Kesho yake walimpeleka Asia hospitali. Mwanahawa alipimwa, akakutwa na kifua kikuu, akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Mama yake alikuwa amechelewa.

Jesca alirudi. Jumamosi ya kwanza akapanda Bigwa na mkate mkononi. Alimkuta Hatibu kibarazani.

"Shikamoo, baba. Mama yupo?"

"Marahaba. Tumemzika Alhamisi."

Jesca alikaa chini, palepale kwenye vumbi. "Nilimwambia aende zahanati," alisema baadaye.

"Ulimwambia yeye. Mimi nilikuwa humu ndani kila ulipokuja. Hukuniambia. Na mimi sikuuliza."

Mwanahawa alitoka na kikombe cha maji. Hatibu akatia kidonge, akasubiri kiyeyuke chote, akampa. Mtoto alikunja uso, akanywa. Hatibu akachungulia kikombe.

"Kimebaki chini, mama. Malizia." Akamgeukia Jesca. "Siku hizi namnywesha mwenyewe. Nikienda shamba, Bi Fatuma anamnywesha hapa hapa."

Wanachuo bado wanapanda Bigwa. Siku hizi hawamhudumii mgonjwa mpaka mtu wa nyumbani kwake na mhudumu wa mtaa wakae nao wasikie yote. Wakiondoka, wanamkabidhi mgonjwa kwa hao wawili, mbele ya macho yake.

Mwanahawa alimaliza dawa zote, akapona. Yuko chekechea. Hatibu alipimwa, hakuwa na ugonjwa. Analima maharage kama zamani, na hajaoa. Bi Fatuma anaumwa miguu, kilima kinamshinda, amehamia Mafiga kwa mwanawe. Jesca alimaliza chuo, anafundisha Kasulu. Asia yuko nyuma ya nyumba, penye migomba.