Diski ya Bi Hindu

Kompyuta ilikuwa imezimwa, waya wake umechomolewa ukutani, na bado ilikuwa ikinguruma.

Kanze alipiga magoti kando yake akaweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa na joto kama shingo ya mtoto mwenye homa. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa katika ufundi wa kompyuta, na katika kiduka chake nyuma ya soko la Malindi alikuwa ameshafungua mashine zilizojaa mende, mchanga, hata maziwa. Hakuwahi kukuta diski inayozunguka bila umeme.

"Bi Hindu, hii ilizimwa lini?"

"Tangu jana, mwanangu." Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, wala hakuingia chumbani. Alikuwa mjane wa makamo, nadhifu, mwenye asili ya Lamu. "Inaonyesha maandishi meupe kisha inakwama. Nataka iwake. Lakini diski ya ndani usiiguse. Usiifute, usiitoe."

"Mashine imezeeka na diski yake inakufa. Lakini naweza kuweka mfumo mpya kwenye diski ya nje. Tunaichomeka hapa ubavuni, kompyuta inawakia huko, na ya ndani inabaki kama ilivyo."

"Hiyo ya nje inabebeka?"

"Inaingia mfukoni."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Bi Hindu akatabasamu. "Basi fanya hivyo."

Chai ililetwa na Lubna, mwana wa pekee wa Bi Hindu, msichana wa miaka ishirini na mitano ambaye mtaa mzima wa Shela, hapo Malindi, ulijua kwamba hajatamka neno tangu akiwa na miaka saba. Alitua sinia, akaona diski ndogo nyeusi mkononi mwa Kanze, akaipokonya. Aliifumbata kifuani kwa mikono miwili. Bi Hindu akaingia chumbani hatimaye, akamshika mkono na kumkunjua vidole kimoja baada ya kingine, kwa nyuma, taratibu, mpaka kidole kimoja kikalia kwa kuvunjika na diski ikaanguka kitini. Lubna alifungua kinywa wazi. Haukutoka hata mlio, ila pumzi tu.

"Msamehe," Bi Hindu akasema, akijifuta mikono kwa leso. "Akili yake haijatulia."

Kanze aliona aibu, akainama kwenye kazi yake. Alichomeka diski ya nje, akachomeka flashi yenye mfumo, akaanza kuuweka. Asilimia zilipanda polepole. Mashine ilikuwa nzito. Karibu na adhuhuri skrini ikawaka safi, na Bi Hindu, ambaye alikuwa amengoja muda wote ule bila kuketi, akasogea nyuma ya bega lake.

"Kuna faili moja tu ya sauti huko ndani. Nihamishie."

Kanze aliifungua ahakikishe kwamba ni nzima. Mtoto wa kike alikuwa akitaja siku za juma, kwa sauti tamu yenye lafudhi ya visiwani. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Alipofika Alhamisi, sauti ikakatika.

"Ni Lubna?"

"Marehemu babake alimrekodi."

Kanze aliinakili. Alikuwa na hakika kwamba aliinakili tu, lakini alipotazama tena, faili haikuwapo kwenye diski ya ndani, na ule mngurumo ukakoma. Bati likapoa chini ya mkono wake. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Mtandao wa nyumba ile ulikuwa dhaifu, na mfumo ulihitaji kupakua nyongeza zake. Kanze alisema ataenda na diski dukani, aimalizie kwenye mashine yake, airudishe kesho.

"Nenda nayo," Bi Hindu akasema upesi. "Ukijaribu kinasa sauti, tumia mtoto. Wanasema sauti ya mtoto ndiyo inayopima vizuri. Una mtoto?"

"Ninaye mmoja. Purity."

"Mashallah."

Saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali juu ya mabati ya soko, Purity aliingia dukani kutoka shule, akatupa mkoba, akaanza kuimba. Alikuwa na miaka sita na alikuwa haimalizi siku bila kuimba: akioga, akila, hata akiadhibiwa. Kanze alikuwa amekwisha kuiwasha mashine yake kwa ile diski. Mfumo aliuweka kwa Kiingereza, kama afanyavyo siku zote, lakini kisanduku kilichotokea katikati ya skrini kilikuwa cha Kiswahili. *Unaniruhusu kuitwaa sauti hii?* Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, *Ruhusu*.

Alikuwa akijibu maswali kama hayo mara mia kwa wiki. Alibonyeza.

"Imba hapa, mama," alimwambia mwanawe, akimsogezea kinasa.

Purity akaimba wimbo wa shuleni kuhusu kuku na vifaranga vyake. Mistari ya kijani ikapanda na kushuka kwenye skrini. Kanze alikuwa akitafuta kebo kwenye droo alipotambua kwamba wimbo umehama, kwamba hautoki tena upande aliosimama mtoto bali kwenye spika, na alipogeuka akamwona Purity bado anafungua na kufunga kinywa, shingo imemtutumka, macho yamemtoka kama ya mtu anayezama majini, huku wimbo wake ukiendelea kutoka ndani ya kile kijisanduku cheusi, mtamu, bila kukosea hata neno moja, na nyuma ya wimbo kulikuwa na kitu kingine kinachopumua kwa kushiba.

Kanze aliing'oa diski. Wimbo ukaendelea kwa mstari mmoja zaidi, ukanyamaza.

Hospitalini walimulika koo la Purity wakasema ni zima, huenda ni mshtuko, arudi baada ya wiki mbili. Siku ya pili Kanze alimpakia mtoto kwenye bodaboda mpaka Magarini, kwa shangazi yake Pola, mganga wa pepo. Pola hakumgusa Purity. Aliinusa ile diski kwenye kitambaa ilimofungwa, akatoka nje kutema mate.

"Jini hili halinyang'anyi," alisema kwa sauti ya chini. "Huomba, na mzazi huliruhusu. Lilikuuliza?"

Kanze alitazama kidole alichobonyezea.

"Ukajibu ndiyo."

"Shangazi, sikujua! Ni kitufe tu!"

"Lenyewe linajali nini? Nikilifukuza, litaondoka na lilichokula. Ukiivunja hiyo diski, umemvunja mtoto koo. Lakini halibebi sauti mbili. Likipewa nyingine huitema ya kwanza." Pola alimtazama Purity, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akijibana koo kwa vidole. "Aliyekupa kazi hiyo alijua. Huko nyumbani kwake kuna mtu amerudishiwa sauti yake."

Simu ya Kanze ililia wakiwa bado uani. Ilikuwa namba ya Bi Hindu, lakini sauti iliyozungumza ilikuwa ya mtoto wa miaka saba.

"Dada Kanze, shikamoo. Ni mimi, Lubna. Mama amelala. Sauti imenirudia, lakini ni ileile, haikukua." Mtoto alikuwa akilia kwa kilio cha mwanamke mzima. "Mama alitoa sauti ya mwanao ili apate yangu. Nilitaka kukwambia siku ile, nikashindwa. Njoo na diski. Njoo na mwanao."

Walifika Shela saa nane mchana. Lubna alikuwa ameacha mlango wazi. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kuukuu, na kidole kile kimefungwa kitambaa. Aliipokea diski, akaichomeka mwenyewe, akawasha. Harufu ya nywele ikatanda mpaka kwenye mapazia.

"Baba alitaka mali," alisema kwa ile sauti nyembamba isiyolingana na kinywa chake. "Jini likamwomba sauti yangu, akaruhusu. Mwaka uleule akanunua nyumba mbili. Diski ilipoanza kufa, Mama akaogopa kwamba na sauti itakufa ndani yake. Akatafuta njia ya kulitoa kwa mkono wa mtu mwingine."

Bi Hindu alitokea kwenye korido na nywele wazi. Aliona skrini.

"Lubna! Toka hapo! Miaka kumi na minane nimeomba nikusikie ukiniita, na nimekusikia siku mbili tu!"

"Mama, yule ana miaka sita."

"Yule si wangu!"

Alirukia waya wa umeme, na Kanze akamdaka. Alimbana mikono nyuma kama anavyobanwa mwizi sokoni, akamsukuma ukutani na kumshikilia kwa goti, na yule mama akageuza shingo akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, na Kanze hakuachia. Kisanduku kikatokea kwenye skrini. *Unaniruhusu kuitwaa sauti hii?*

Lubna aligeuka akamtazama Kanze. Alimtazama kwa muda mrefu, na Kanze alijua anachosubiri: aambiwe aache, aambiwe kuna njia nyingine, au walau aulizwe kama ana hakika. Kanze akamtazama Purity. Akazidi kumbana Bi Hindu ukutani.

"Mimi ni mtu mzima," Lubna akasema mbele ya kinasa. "Najiruhusu mwenyewe."

Akabonyeza. Kisha, kwa kuwa ilibidi aseme jambo, akaanza kuzitaja siku za juma, Jumamosi, Jumapili, na mamake akipiga mayowe ili ayafunike maneno, Jumatatu, Jumanne, na mistari ya kijani ikipanda mpaka juu ya skrini na kukaa hukohuko bila kushuka, Jumatano, na kile kinachopumua kikipumua sasa katika chumba kizima, moto, karibu kabisa na masikio yao, Alhamisi, mpaka midomo ya Lubna ikawa inacheza yenyewe na spika ndiyo inayotaja.

"Mama," Purity akasema nyuma yao, sauti yake imekwaruza. "Mama, nina kiu."

Kanze alimwachia Bi Hindu, akambeba mtoto. Hakushukuru mtu. Alipofika mlangoni Bi Hindu akamwita, akiwa ameketi sakafuni, ametulia kabisa, akifunga nywele zake.

"Diski umeniachia?"

"Ni yako."

"Vizuri. Nitampatia mwanangu sauti nyingine. Nikikosa pengine pa kuitafuta, shule ya wako naijua."

Mwezi ulipita. Purity alikuwa akiimba tena, na kila alipoimba Kanze alimwambia anyamaze. Jumamosi moja asubuhi aliingia dukani mwanamke mmoja wa Sabaki aitwaye Linet, ambaye huwafulia watu nguo. Alikuwa amemshika mkono binti yake wa miaka mitano, Jedida, aliyevaa gauni la kanisani. Linet alitaka simu yake ibadilishwe kioo. Wakati Kanze akikichomoa cha zamani, yule mama akaanza kusimulia kwa furaha kwamba amepata kazi ya ndani huko Shela, kulala hukohuko na chakula juu yao.

"Nimeambiwa naweza kwenda na mtoto. Wengine hawataki watoto, wewe wajua. Huyu mama mwenyewe ndiye aliyesema, mlete, nyumba yangu ina ukimya sana. Anaitwa Bi Hindu. Nimeambiwa uliwahi kuwafanyia kazi. Ni watu wa namna gani?"

Mikono ya Kanze ilisimama juu ya simu. Nyuma ya pazia la duka, Purity alikuwa akimwimbia mdoli wake kwa kunong'ona, kama alivyofundishwa siku hizi.

"Dada?" Linet akauliza. "Kuna ubaya?"

Kanze angeweza kusema. Koo lake lilikuwa zima, ulimi wake mzima, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

"Ni watu wazuri," akasema. "Nenda tu."

Linet akashusha pumzi, akacheka, akamsukuma binti yake mbele kidogo. "Mwambie shangazi ahsante."

"Ahsante, shangazi," Jedida akasema kwa sauti kubwa, safi, na Kanze akainama chini ya meza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.