Kipimo cha Ijumaa

Kila asubuhi kabla ya kengele, msichana mmoja wa darasa la sita alitakiwa kwenda kwenye bomba la shule, achote maji kwenye kichupa, atie kidonge kimoja, atikise, kisha atazame. Maji yakigeuka rangi ya waridi, dawa ya kuua vijidudu imo. Yakibaki meupe, bomba lifungwe na mwalimu wa afya aambiwe. Majibu aliyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa stoo. Ilikuwa kazi ya dakika tatu.

Wenzake walimwita Profesa. Akili alikuwa nazo, hakuna aliyebisha, lakini maringo yake yalizizidi kwa mbali. Wiki ya kwanza alipima, maji yakageuka waridi siku zote tano, basi akajiona ameshayajua maji ya mji mzima. Rafiki yake alipomuuliza mbona siku hizi haonekani bombani, alibetua midomo.

"Maji ni yaleyale ya jana," alisema. "Kuyapima kila siku ni kazi ya watu wasio na la kufanya."

Tangu hapo aliandika "waridi" bila kugusa kichupa. Jumatatu moja hata kuandika kulimchosha, akaijaza wiki nzima kwa mkupuo na kwenda zake kucheza.

Jumanne mdogo wake, aliyekuwa darasa la kwanza, aliamka akiharisha na kutapika. Mama yao aliuliza kama maji ya shule yanapimwa. "Yanapimwa, mama," Profesa alijibu bila kupepesa macho. Jumatano watoto wengine sita wa darasa lile hawakufika shuleni.

Mchana wa siku hiyohiyo alikuja mama mmoja wa idara ya maji, mpima maji kwa kazi yake. Mwalimu wa afya alimpeleka stoo na kumwita Profesa. Yule mama aliisoma karatasi polepole, kisha akaweka kidole pale chini.

"Leo ni Jumatano, binti. Ijumaa umeipimaje?"

Mama yule hakumgombeza. Alimpa kichupa na kumwambia apime. Profesa akachota, akatia kidonge, akatikisa. Maji yakabaki meupe. Alitikisa tena mpaka mkono ukamuuma, na moyoni hakuwa na lolote ila sura ya mdogo wake kitandani. Aliogopa sana.

Bomba lilifungwa papo hapo. Profesa alitumwa apite darasa kwa darasa kuwaambia wanafunzi wamwage maji waliyochota, na aeleze kwa nini. Alieleza yote mpima maji akisikiliza, hata ile wiki aliyoijaza kwa siku moja na uongo aliomwambia mama yake. Jioni akamwambia mama yake pia, na hapo ndipo alipolia.

Mafundi walikuta bomba linaloleta maji shuleni limepasuka kando ya mtaro wa maji machafu. Walilibadilisha na kulisafisha kwa dawa. Wagonjwa wote walipona, na Jumatatu iliyofuata mdogo wake alirudi shuleni amekonda.

Mwalimu wa afya alitaka kumpa kazi ile mtu mwingine. Mpima maji, aliyekuja kukagua bomba jipya, alikataa na kumgeukia msichana.

"Mimi nimepima maji miaka kumi na minane," alisema. "Karibu kila siku jibu ni waridi. Naamka kwa ajili ya ile siku moja ambayo siyo. Wewe ulijiona mwerevu kuliko kichupa. Kichupa hakina akili hata kidogo, lakini hakijamdanganya mama yako. Kazi ndogo ukiidharau, anayeumia ni mtu aliyekuamini. Haya, chota maji."

Profesa aliinama, akachota.