Pedali Iliyofungwa

Ng'oo! Uzi mmoja wa gitaa ulilia kwenye spika, gizani. Anicet, rafiki yetu fundi redio wa Arua, hakushtuka, alikuwa hoi. Alikuwa ameshinda kutwa nzima mjini Koboko, nyumbani kwa kina Andama, akilehemu transista ndani ya pedali ya gitaa, ili sauti isidhoofike ikipita kwenye waya mrefu, na koroboi ilikuwa imemzimikia mwishoni kabisa.

“Andama, unasikia?” akasema. “Pedali ilikuwa nakula sauti kama askari nakula kuku. Sasa iko nguvu.”

“Fundi, mudomo yako itakuua,” Andama akacheka kutoka nje, mekoni. “Nani iko napiga?”

Anicet akapapasa. Pedali ilikuwa imefungwa kabisa, haipitishi sauti yoyote. Gitaa lilikuwa limeegemea ukuta, baridi. Lilikuwa la kaka yake Andama, aliyechukuliwa na askari mwaka 1973. Mama yao, Eyotaru, hakutaka jina la mwanawe huyo litajwe nyumbani. Akimtaja, alisema, itambidi amlilie kama marehemu, na yeye bado anamngoja.

Uzi ukalia tena, taratibu, mara tatu.

Mama Eyotaru akajiinua polepole kutoka mkekani alipokuwa amelala pembeni, kama mtu aliyechoka kungoja.

“Ocama,” akasema, akimtaja mwanawe.