Kucha za Marehemu

Rangi ilikataa kukauka. Asali aliitia jana yake, nukta moja kwenye kucha ya gumba, mbili kwenye ya shahada, tatu kwenye ya kati, asije akazichanganya jukwaani. Maana kucha za bati za kupigia gitaa hufanana kama mapacha, lakini kila moja imekunjwa kwa kidole chake. Kumekucha, na bado zinachafua mkono.

"Baba watoto, rangi yangu haina ubovu," mkewe alisema, akimwonyesha vidole vyake vilivyong'aa. "Hizo umezitoa wapi?"

"Zangu."

Uongo mtupu. Zilikuwa za mwenzake wa bendi, aliyemshika mkono akikata roho na kumsihi, "Mpe binti yangu." Marehemu alizitia alama ya mikato, mmoja, miwili, mitatu. Asali akaisugua kwa tupa mpaka ikafutika, kwa kuwa hajapata kusikia bati lenye sauti tamu vile, na binti alipouliza, akamjibu kwa macho makavu kwamba baba yake hakuacha kitu. Tamaa haina haya.

Ikaja harufu ya dawa za hospitali sebuleni. Kisha kopo lenye kucha likaanza kugonga lenyewe mchana kweupe, tak, tak, na kila likigonga Asali alihisi kitu kikimkereza vidole, akaficha mkono mfukoni, akautoa, akatazama, na kwenye kucha zake mwenyewe, zile alizozaliwa nazo, mikato ilikuwa inachimbika taratibu, mmoja kwenye gumba, miwili kwenye shahada, mitatu kwenye kati, na damu ikifuata nyuma.

Mganga aliyemwendea hakuzigusa kucha za bati. Alizinusa, akarudi nyuma.

"Marehemu alikuwa na jini lake," alinong'ona. "Lina hasira. Mrudishie binti leo hii, na umwambie ulichofanya. Ukidanganya tena, mkono huo usahau."

Binti alimfungulia mlango. "Karibu, baba mdogo."

Mkono ni riziki ya Asali, na alijua hivyo. Lakini aibu nayo ilimshinda.

"Mwanangu, nimeziokota juzi tu, nyuma ya spika."

Binti alizipokea, akazipapasa bila kutazama nukta, akavaa ya gumba, ya shahada, ya kati, wala hakukosea. Akachukua gitaa la baba yake ukutani. Uzi wa kwanza ulipolia, gumba la Asali liliruka. Wa pili, shahada ikapinda kinyumenyume, naye akaukamata mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaukumbatia, akaukalia, na bado vidole vilifuata wimbo ule, vikikimbia penye kukimbia, vikijinyonga penye kujinyonga, mpaka mfupa ukalia ko!

"Acha, mwanangu! Niliziiba! Nimekiri!"

"Baba amesikia," binti alisema kwa upole, akikaza uzi uliolegea. "Tulia basi, baba mdogo. Huo ulikuwa ubeti wa kwanza."