Tusekile na Pete ya Waya

Haya, sogeeni karibu. Hii ni ya Tusekile, msichana wa miaka saba, wa kule bondeni kwenye ukungu.

Bonde lile limezungukwa na milima. Jua linachelewa kufika, na likifika linaondoka mapema.

Na mvua? Mvua ya kule haiombi ruhusa. Chwa, chwa, chwa, juu ya bati.

Tusekile aliishi na Bibi na Mama Mdogo Lugano. Mama mwenyewe hakuwepo.

Mama aliteleza kwenye tope la shamba la migomba, mguu ukavunjika. Akabebwa kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali, mjini, mbali, nyuma ya milima.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya sita nayo ikapita.

"Mama anarudi au harudi?" aliuliza Tusekile.

"Subiri," alisema Bibi.

"Subiri," alisema mwalimu.

"Subiri tu, mwanangu," alisema jirani, Baba Gwakisa.

Watu wazima bwana! Unawauliza swali, wanakupa subiri.

"Si haki!" alisema Tusekile.

Simu haikushika mtandao bondeni. Hata juu ya paa haikushika. Tusekile alishapanda, akashushwa.

Ijumaa asubuhi, gari la maziwa lilipiga honi. Pii, pii!

"Bibi Tuse!" dereva aliita dirishani. "Mama Tuse amepeleka kadi redioni! Kipindi cha salamu! Inasomwa kesho, saa kumi jioni!"

"Ameandika nini?" Tusekile alikimbilia gari.

"Aa, mimi nimebeba maziwa tu. Sikilizeni redio!" Gari likaondoka, likazama kwenye ukungu.

Bibi alikuwa na redio. Kubwa, ya mbao, aliyoiacha marehemu Babu. Tusekile akaiwasha.

Shhhhh. Krrr. Shhhhh.

Akazungusha kitufe huku. Akazungusha kule.

Shhhhh. Krrr. Shhhhh.

"Ni milima, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Milima inaziba."

"Milima ina ruhusa ya nani kumziba Mama?"

Bibi alitazama nje. Chwa, chwa, chwa, juu ya bati.

Jioni, Mama Mdogo Lugano alirudi kazini amelowa chapachapa.

Kazi yake ni kusuka mota. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, yeye huitoa waya wa zamani, akaisuka waya mpya. Mikono yake inanukia vanishi, ile rangi ya kupaka waya, kila siku.

"Mama Mdogo, redio haisikii!"

Mama Mdogo akaigeuza redio. Nyuma kulikuwa na matundu mawili, matupu.

"Itasikiaje? Haina antena. Kalale. Kesho asubuhi tunaitengenezea."

Jumamosi wakachukua mbao mbili. Wakazipigilia ziwe msalaba. Ko, ko, ko!

Mama Mdogo akaleta waya wa shaba, mwekundu, unaong'aa. "Zungusha kwenye ncha nne. Kaza. Usiuache ulegee."

Tusekile akazungusha. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Vidole vinauma."

"Pumzika, kisha endelea."

Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa. Kumi!

Ikawa pete kubwa ya waya, yenye kona nne.

"Sasa kwaruza ncha za waya kwa kisu. Polepole. Waya umepakwa vanishi, bila kuitoa hausemi kitu." Kwaru, kwaru, kwaru.

Mama Mdogo akachukua kidude cha kuzungusha kutoka kwenye redio nyingine, iliyokufa zamani. Akakiunga kwenye ncha mbili za pete kubwa. "Ukikizungusha hiki, pete inachagua stesheni."

Kisha, ndani ya pete kubwa, akaweka pete ndogo. Mzunguko mmoja tu. Ncha zake mbili akaziingiza kwenye matundu ya redio.

"Hii ndogo ya nini?" aliuliza Tusekile.

"Hii ni mlishaji. Pete kubwa inakamata sauti. Ndogo inachukua tonge kwa kubwa, inaitia redio mdomoni."

"Kwa hiyo redio ilikuwa na njaa?"

"Njaa kali."

Baba Gwakisa akapita na mwavuli wake. Akachungulia dirishani.

"Shikamoo, Baba Gwakisa."

"Marahaba, Tuse. Hiyo nayo nini? Kamba ya kuanikia soksi?"

"Soksi zako haziwezi kukaa hapa. Zina matundu, zitapitiliza."

"Tuse! Adabu!" alisema Bibi. Lakini alikuwa ameuma pindo la khanga yake, asicheke.

Mara mtu akaita kutoka nje. "Lugano! Mashine imeungua! Watu hawana unga!"

Mama Mdogo akachukua mfuko wake wa vifaa. "Saa kumi muielekeze mjini. Mzungushe kidude polepole!"

Akatoka mbio kwenye mvua.

Wakabaki wawili. Bibi na Tusekile. Na saa ya ukutani. Tik. Tik. Tik.

Saa kumi kasorobo. Bibi akajifunga khanga safi. Akakaa wima, kama anayengoja mgeni.

"Mjini ni kule," akasema, akaonyesha mlima mweusi. "Ipe uso, Tuse. Mtu akikusalimu unampa uso. Humpi ubavu, ni dharau."

Ndiyo desturi ya kule. Ukisalimiwa, unageuka mzima mzima.

Basi Tusekile akaigeuza antena. Uso wa pete ukatazama mlima, sawasawa, kwa heshima zote.

Akazungusha kidude, polepole.

Shhhhh. Krrr. Shhhhh.

Saa kumi ikagonga. Shhhhh. Krrr. Shhhhh.

Saa kumi na dakika tano. Nje ukungu ukashuka mpaka dirishani. Ndani pakawa giza kidogo, na baridi.

"Labda wiki ijayo," alisema Bibi, kwa sauti ndogo.

"Kadi inasomwa leo, Bibi! Leo! Mama anaongea sasa hivi, na sisi hatumsikii!"

Machozi yakamtoka Tusekile. Moto, moto, mpaka kidevuni.

"Tumepigilia mbao. Tumezungusha waya. Tumekwaruza. Tumeipa uso. Bado inataka nini? Si haki!"

Akaishika antena kwa mikono miwili, kwa hasira. Akaigeuza, aone ina kasoro gani.

Shhhhh. Krrr... "...salamu ziwafikie..."

Tusekile akaganda.

Akairudisha ilivyokuwa. Shhhhh.

Akaigeuza ubavu. "...na wote wa Kijiji cha Juu..."

Uso: shhhhh. Ubavu: mtu anaongea!

"Bibi! Inataka ubavu!"

"Ubavu?" Bibi akakunja uso. "Mtu anatusalimu, sisi tumpe ubavu?"

"Bibi, masikio yako yako wapi?"

"Hapa."

"Hapo ni wapi? Ni usoni?"

Bibi akainua mkono. Akagusa sikio la kulia. Akagusa sikio la kushoto.

"Yako ubavuni, Bibi! Na ya antena yako ubavuni! Siyo dharau. Ndivyo inavyosikia!"

"Haya, wakili," alisema Bibi. "Igeuze."

Tusekile akaigeuza. Ubavu wa pete ukaelekea mlima mweusi. Akazungusha kidude kidogo, kidogo tena.

Sauti ikaingia chumbani, safi kama maji ya mtungi.

"Kadi inayofuata ni ya fundi baiskeli..." Siyo ya Mama.

"Kadi inayofuata ni ya bwana harusi..." Siyo ya Mama.

"Kadi inayofuata..." Krrr. Tusekile akashika kidude. Hakupumua.

"...inatoka wodi namba nne. Mtumaji ni Mama Tuse. Anamsalimu mama yake mzazi. Anamsalimu mdogo wake, Lugano. Anamsalimu mwanawe, Tusekile."

Bibi akaweka mkono kifuani.

"Ujumbe wake unasema: Tuse, najua unauliza, na najua wanakuambia subiri. Basi nakujibu mimi. Narudi. Siyo kesho, siyo keshokutwa. Mguu unaunga polepole. Lakini jana nilisimama. Leo nimepiga hatua tatu. Narudi."

Kisha muziki ukaanza. Bibi akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Amesema narudi mara mbili," alisema Tusekile.

"Mara mbili," alisema Bibi.

"Siyo subiri. Narudi."

"Narudi."

Mama Mdogo Lugano akafungua mlango, matope mpaka magotini. "Imesikia? Niambieni! Imesikia?"

Wakamwambia wote wawili kwa pamoja. Hakuelewa neno. Wakaanza upya.

Hatua tatu! Mama Mdogo akaketi chini pale pale, na matope yake, akacheka mpaka akalia.

Wakala ndizi za moto. Wakanawa. Bibi akamfunika Tusekile blanketi zito.

"Bibi, na sisi tumtumie kadi. Chukua kalamu."

Bibi akachukua kalamu na karatasi.

"Andika: Mama, shikamoo."

Bibi akaandika.

"Andika: Kesho piga hatua nne. Ukichoka, tatu zinatosha."

Bibi akaandika.

"Andika: Mimi..."

Bibi akangoja, kalamu juu ya karatasi.

"Mimi nini, Tuse?"

Tusekile hakujibu. Alikuwa ameshalala.